Majibu ya Mwisho ya Damu Yako, Mama Mkwe

Mama,

Unisamehe kukuita hivi, moja kwa moja, bila ukuta wa kutusaidia. Tangu nilipomwoa Ngalula wako sijawahi kukuita mama nikiwa nimekuelekea. Ukiwa na neno la kuniambia ulikuwa unauambia ukuta, na mimi nilikuwa naujibu ukuta, na manesi wa mbali wasiojua desturi zetu walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Sasa wewe umelala Mwene-Ditu, mimi niko hapa Likasi, na sidhani kuna mjomba atakayenitoza mbuzi kwa sababu ya barua.

Ni mimi Kasongo, yule wa labo, mpima damu.

Ninaandika mchana, hapa hapa hospitalini. Umeme umekatika tena, mashine zimenyamaza, wagonjwa tumewaambia warudi kesho. Dirisha sifungui, maana malori ya mgodi wa Kakanda yanapita tangu asubuhi na vumbi lake linaingia hata kwenye vichupa vya damu. Ungekuwa hapa ungesema, "Ukuta, ambia mukwe yangu apanguze meza." Basi nimepanguza kwanza, ndipo nikakaa kuendelea na mstari nilioanza nyumbani asubuhi.

Nyumbani si kuzuri, sikufichi. Siku hizi Ngalula analala chumba cha watoto. Bukari yangu ya jioni anaiweka mezani, anaifunika, anatoka. Nikimsalimu anaitika, maana umemlea vizuri, lakini anaitika kama mtu anayemwitikia mpita njia. Kaka yako, Tonton Mutombo, hafiki tena kwetu. Nikimkuta njiani anavuka barabara, mzee mzima na goti lake bovu, anakubali kupita kwenye matope ili asinipe mkono. Pale kando ya kaburi la marehemu mume wako, nafasi uliyojitengea mwenyewe imejaa majani. Ngalula hataki yang'olewe. Anasema yang'olewe kwa ajili ya nani?

Na pale ulipokuwa unauza samaki wa ziwa Tshangalele amekaa mama mwingine. Samaki wake hawakauki vizuri, nakuambia ukweli. Nilinunua mara moja kwa ajili yako, wakaniozea siku ya pili.

Wanasema nilikuua kwa mdomo. Tonton alilisema hilo kwenye kilio, mbele ya watu wote, picha yako ikiwa juu ya kiti kwa sababu mwili hatukuwa nao: "Docta alitumia dawa kumuponesha dada yangu. Huyu wa labo alitumia mudomo kumumaliza." Hakuna aliyemnyamazisha. Ngalula alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, na hakuinua uso kunitetea. Sikumlaumu. Nilikuwa najiambia moyoni, wacha waseme, mimi najua damu ilisema nini.

Hilo ndilo nililokuwa nimelishika, mama. Damu ilisema. Nitakueleza lilivyonitoka mikononi, lakini niache nianze mwanzo, maana mengine hukuyajua kamwe. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia la wodini, wewe upande wako.

Mgongo ulipoanza kukuuma sote tulisema ni vikapu. Miaka yote hiyo ya kubeba samaki kichwani, mgongo gani usingelalamika? Ukapewa dawa za malaria, ukapewa za figo, ukasuguliwa mafuta na akina mama wa kanisa. Halafu siku moja ukakohoa tu, ubavu ukavunjika. Kukohoa! Docta wetu hapa akashtuka, akakutuma Lubumbashi, na huko ndiko walikouona huo ugonjwa. Kwa Kifaransa wanauita myélome. Ndani ya mfupa kuna mahali damu inapotengenezewa. Huko kuna chembe za kutulinda, nazo zikiharibika zinazaana ovyo na kuula mfupa kutoka ndani. Ngalula alinitaka nimweleze, nikamweleza hivyo.

Ukarudishwa Likasi ulazwe kwetu, upimwe kwanza kabla ya vidonge, na damu yako iwe inachukuliwa kila baada ya muda ili ipelekwe Lubumbashi. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mishipa yako ilikuwa inajificha. Manesi walikuchoma mpaka mkono ukawa wa bluu, ukawafukuza wote. Mwenzangu wa labo alikuwa amekwenda masomoni. Nikabaki mimi peke yangu, mkwe wako, mtu asiyeruhusiwa hata kukutazama usoni, sembuse kukushika mkono.

Kwenu Kasai ni hivyo na kwetu Katanga ni hivyo hivyo. Tonton hakukosea aliposema haiwezekani bila mbuzi. Akasimama wodini anahesabu makosa yatakayofuata, wajukuu watakaozaliwa vibaya, sijui nini. Ndipo sauti yako ikatoka nyuma ya pazia, unamjibu yeye mkubwa wako: "Yaya, atagusa paka mukono, mukono tu. Haiko muntu muzima. Kuku inatosha." Wodi nzima ikaangua kicheko, hata yule mama wa kitanda cha pili aliyekuwa hajacheka tangu alazwe. Nikaenda soko la Kikula nikanunua kuku mweupe, nikamleta kwenye kikapu. Akaponyoka. Unakumbuka? Nesi mkuu alimkimbiza chini ya vitanda huku akiniahidi kunifukuza kazi, na wewe nyuma ya pazia ulikuwa unakohoa kwa kucheka, na mimi naomba Mungu ubavu mwingine usivunjike.

Toka siku hiyo mkono wako ulikuwa unapita kwenye pazia na mimi naupokea. Ninaweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Kovu la moto wa kukaushia samaki, chini kidogo ya kiwiko. Bangili ya shaba uliyokuwa unaisukuma juu mwenyewe kabla sijafunga mpira. Kucha fupi. Harufu ya moshi wa samaki, haikukutoka hata baada ya miezi ya kulala hospitali. Mshipa wako mzuri ulikuwa upande wa ndani, umelala chini, na nilikuwa nikiutafuta kwa kidole taratibu, na wewe unauambia ukuta uniambie nisiogope. "Ukuta, uliza kama amekula." "Ukuta, mwambie mama nimekula." "Ukuta, anadanganya, mukono yake inatetemeka."

Majibu ya kwanza yalipofika, Docta alimwita Tonton ofisini, na mimi niliitwa kwa sababu ya kueleza. Hapa kwetu mgonjwa haambiwi kwanza; anaambiwa mkubwa wa familia, naye ndiye anayeamua neno lifike wapi. Docta alisema taratibu, kwa heshima. Alisema kuna vitu viwili ndani ya damu vinavyoonyesha ugonjwa huu unakwenda wapi. Kimoja ni albumini. Hiyo ikishuka, si vizuri. Kingine ni protini ndogo, sisi wa labo tunaiita beta-deux, ambayo zile chembe mbovu zinaimwaga katika damu. Hiyo ikipanda, si vizuri. Kwako, mama, ile isiyotakiwa kushuka ilikuwa imeshuka, na ile isiyotakiwa kupanda ilikuwa imepanda sana. Docta alisema wengi wenye damu kama hiyo hawafiki mbali. Alisema wengi. Alisema pia, "Tuanze vidonge, tuangalie." Lakini mimi na Tonton, masikio yetu yalishika lile la kwanza tu.

Tonton alivua kofia, akaipigapiga gotini. Halafu akasema, "Asijue." Akatoka, akaja mpaka kitandani kwako, akakuambia kwa sauti kubwa ya furaha kwamba damu ni nzuri, unywe dawa, kiangazi kikifika utapanda treni uende Mwene-Ditu kumwona dada yako mkubwa, Yaya Ntumba. Nilikuwa nyuma yake, nimegeukia dirisha. Usimkasirikie. Alikuwa anakupenda, na alidhani mtu akinyimwa habari mbaya atachelewa kufa.

Lakini kwa nini alichagua lile? Angekuahidi kitu kingine. Angekuahidi kitenge, harusi, Krismasi. Ngalula alinisimulia zamani habari za dada yako: wakati ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku, watu wamejazana stesheni na magodoro na sufuria, Ntumba akapanda behewa na wewe ukabaki, umefichwa na jirani, msichana tayari umeshaposwa na mtu wako. Mlishikana mikono dirishani mpaka treni ikawaachanisha. Baada ya hapo ni simu tu, na kabla ya simu, salamu za watu. Njia mbovu, watoto, mume akafa, samaki. Kila mwaka ilikuwa mwaka ujao.

Basi siku ile ya mvua. Wageni walikuwa wameshaondoka, mabati yanapiga kelele, mkono ukapita kwenye pazia kama kawaida. Nilikuwa nimeshafunga mpira. Ukasema, si kwa sauti ya utani: "Ukuta, damu yangu inajua. Docta anajua. Yaya Mutombo anajua. Hata huyu anajua. Minye, mimi mwenye damu, njo sijue?"

Ukaendelea, "Sitafute siku ya kufa, ile ni ya Mungu. Natafuta kujua paka ile moja tu, kama kiangazi nitaweza kupanda treni."

Mama, nilimfikiria Tonton na kofia yake. Nilimfikiria Ngalula. Halafu niliuangalia huo mkono, umetulia pale mbele yangu, unanisubiri, na sikuweza kuudanganya. Nikasema, "Ukuta, ambia mama: kama iko na safari, asingoje kiangazi."

Mvua ikaendelea. Nikachoma, damu ikaingia kwenye kichupa, nikatoa sindano, nikabana pamba. Ndipo vidole vyako vikafunga vyangu, pamba ikiwa katikati, ukabana kwa nguvu. Ukasema asante. Hukuuambia ukuta. Uliniambia mimi, na hilo sikuwahi kumwambia mtu mpaka juzi.

Ukatoka hospitali na vidonge vyako. Ukangoja Ngalula aende Kakanda kuuza vitenge kwa wake wa wachimbaji, kama anavyofanya, anakaa huko siku kadhaa. Ukaja labo, ukakaa nyuma ya pazia la mlangoni, ukatoa mkono ili damu ya kufuatilia dawa ichukuliwe kabla ya safari. "Ukuta, kesho kuna treni." Nami nikasema, ukuta, mwambie mifupa yake haipendi kutikiswa, asikae kwenye mbao tupu. Kesho yake nikaja stesheni na godoro la sponji, nikampa mpagazi akuletee, nikasimama nyuma ya nguzo ili nisikutane na uso wako. Nilikuona mgongo tu. Kikwembe cha kanisa, kikapu cha samaki wa kumpelekea dada. Ulikuwa unatembea wima, bila fimbo. Niliona hilo, mama. Nikajiambia, ni hamu ya dada, hamu inaweza kumsimamisha mtu.

Hukuaga mtu mwingine. Tonton ulimwambia unakwenda Lubumbashi kwa daktari, pamoja na mama mmoja wa kanisa. Mpaka Ngalula anarudi kutoka Kakanda, wewe umeshafika, Yaya Ntumba ameshapiga simu, na kwenye simu kulikuwa na vicheko vya vikongwe wawili wanaobishana ni nani aliyevunja chungu cha mama yao. Ngalula akakuomba urudi. Akalia, akakugombeza, mtoto kumgombeza mama yake. Ukamjibu, "Nitarudi, acha kwanza nishibe yaya." Akakata simu, akanigeukia, akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua, na kwamba ni mimi niliyekuambia usingoje kiangazi. Akachukua kitambaa chake, akaenda kumwambia Tonton. Afadhali angenipigia kelele.

Wanasema mlilala kitanda kimoja, kama wasichana. Wanasema ulikuwa unakula. Halafu ile asubuhi, ukitoka kuoga, sakafu ina maji, ukateleza. Mtu mwingine angeinuka na kujicheka. Wewe paja likavunjika, na pale karibu hapakuwa na wa kukuunga, ukalala, mapafu yakajaa, ukaenda. Kukurudisha haikuwezekana, joto lile, na treni imesimama sijui wapi. Wakakuzika kwa dada yako. Mume wako yuko huku peke yake na nafasi tupu kando yake. Hayo ndiyo wanayoniwekea kichwani, na wana haki ya kuyaweka mahali.

Mimi niliyabeba kwa sababu ya lile moja: hata hivyo asingefika kiangazi. Nilikuwa nalisema njiani kuja kazini. Nilikuwa nalisema nikinawa mikono. Siku moja nililisema kwa hasira, mbele ya Ngalula: "Angekufa hapa hapa, kitandani, anangoja treni ya uongo wenu! Damu ilikuwa imeshasema!" Akachukua mto wake, akahamia kwa watoto.

Sasa sikiliza lililotokea. Ile damu ya mwisho, uliyotoa kabla ya kusafiri, ilikwenda Lubumbashi kwenye sanduku la barafu, na kwa ile beta-deux ikapandishwa ndege kwenda nje, maana huku hakuna mashine yake. Majibu yanachelewa, unajua. Nilishasahau kama yapo. Ijumaa simu ikalia, ni kijana wa labo ya Lubumbashi, sauti yake imechangamka. Akanisomea. Albumini imepanda. Beta-deux imeshuka, tena imeshuka vizuri. Nikamwambia asome jina tena. Akasoma, Kapinga, ni wewe. Nikamwambia arudie namba. Akarudia, akacheka kidogo, akasema, "Vidonge vinafanya kazi, kaka. Mwambieni mama aendelee, asiache hata kimoja."

Nikamwambia asante. Sikumwambia kwamba umekufa. Alikuwa anafurahi.

Mama, ulikuwa unapata nafuu. Siku uliyonipa mkono mlangoni, ule mkono ulikuwa wa mtu anayepata nafuu, na mimi mwenye kidole juu ya mshipa sikujua. Kiangazi pengine ungekiona. Pengine na kingine. Docta alisema tuangalie, na mimi sikuangalia, nilishika namba za siku moja nikazifanya kuwa za siku zote.

Na kuna jambo linaloniuma kupita yote. Ngalula alikuwa anaona. Wiki zile za mwisho alikuwa anasema, "Mama amenona, mama ana uso mzuri." Nesi naye alisema. Nami, mtu wa labo, nikawajibu kwamba ni vidonge, vinavimbisha uso, msidanganyike. Watu wote wa Likasi waliruhusiwa kukutazama usoni isipokuwa mimi, na ni mimi ndiye niliyekuambia habari zako. Ningenyanyua macho mara moja tu pale kwenye pazia ningeona kile walichokiona. Sijui kama ningekiamini. Lakini ningekiona.

Nilikaa na hilo siku nzima tumboni. Nilijaribu kujiambia, nyamaza, linamsaidia nani? Maiti haifufuki kwa namba. Tonton akilisikia atalitangaza kanisani. Na Ngalula je, nimwongezee? Aa, nilikuwa nimeshaanza kuamua kwa niaba yake, kama mkubwa wa familia na kofia yake gotini. Nikajiona, nikaona aibu.

Jumapili baada ya misa nikamkuta uani anatwanga majani ya sombe. Nikakaa kwenye kigoda, mbali kidogo na mchi. Nikamwambia yote, kuanzia siku ya mvua, hata vile vidole vyako, mpaka yule kijana wa Lubumbashi na furaha yake. Nilimaliza kwa kusema, "Beta-deux ilikuwa imeshuka. Ulikuwa unaona vizuri. Mimi njo sikuona."

Aliendelea kutwanga. Majani yalikuwa yameshalainika zamani na yeye bado anatwanga. Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, kama ningejua siku ile kwamba damu imekuwa nzuri, ningekuambia ungoje? Nikasema ndiyo, ningekuambia. Akaniuliza, na mama angengoja?

Nilikuona tena moyoni, wima pale stesheni na kikapu chako.

Mchi ukasimama. Akasema, "Mama hangengoja. Minye njo ningefunga mulango." Akaurudia huo mlango, akasema angeufunga kwa kufuli, angeficha viatu vyako, angekukalisha hapa kiangazi na kiangazi, na Yaya Ntumba angekusikia kwenye simu mpaka mwisho. Halafu akalia, mama. Tangu kilio hajawahi kulia mbele yangu, alikuwa anakwenda kulia bafuni, namsikia anafungulia maji. Juzi alilia pale pale juu ya kinu, mikono yake ya kijani mpaka kwenye viwiko, na sikujua kama nina ruhusa ya kumsogelea. Nilisogea. Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, usidhani, alisema waziwazi kwamba hajui kama atanisamehe, na kwamba nisimwulize.

Jioni aliniwekea bukari, akakaa. Hakula, lakini alikaa.

Sasa naona wagonjwa wawili wameshakuja mlangoni kuchungulia kama umeme umerudi, kwa hiyo nifupishe. Ninakuahidi haya. Mgonjwa akiniuliza damu yake inasema nini, Docta akiniruhusu, nitamwambia, sitamficha nyuma ya mjomba wala mkubwa yeyote. Hilo silijutii na nisingeweza kulijutia hata Tonton anitemee mate. Lakini nitamwambia pia kwamba damu inasema habari za siku ilipotoka mkononi. Kesho yake inabidi kuuliza tena. Na nitamtazama usoni kabla ya kufungua mdomo, hata awe nani.

Na jambo la pili. Kiangazi kikifika tunakuja Mwene-Ditu, mimi na Ngalula, kwa treni hiyo hiyo, tuweke saruji na jina lako. Tonton tutamwomba aje. Akikataa tutamwomba tena. Ngalula ameniona naandika asubuhi nyumbani mstari wa kwanza, akauliza ni barua ya nani, nikamwambia. Akafikiri. Akasema nikuandikie kwamba bado ametukasirikia, mimi na wewe wote wawili, kwa sababu uliondoka bila kumuaga, na kwamba nisikueleze zaidi ya hapo, ya kwake atakuja kukuambia mwenyewe akiwa amesimama juu yako.

Nitamleta, mama. Pumzika mpaka tufike.

Mimi mkwe wako,
Kasongo